Mwalimu wa Michezo na Mteremko wa Mawe

Mke wangu ni mwalimu wa michezo, na kwa miaka mitatu amewadanganya watoto wa watu. Kila Jumamosi huwapeleka wanafunzi kumi na wawili mlimani kwa baiskeli, na kila wakifika kwenye mteremko wa mawe, yeye hubaki nyuma. Husema anawachunga wanaochelewa. Wakishapotea kwenye kona ya kwanza, hushuka na kukokota baiskeli taratibu hadi karibu na mwisho, kisha hupanda na kutokea kwa madaha, utadhani kateremka na upepo. Siri hiyo tuliijua wawili tu. Tangu alipoanguka pale na kuvunjika mtulinga, miguu yake haikutaka tena kusikia habari za kuteremka.

Mimi ni fundi cherehani. Baiskeli kwangu ni ya kwenda kununua nyuzi na kurudi.

Mambo yaliharibika siku mwalimu mkuu alipotangaza kwamba asiye na cheti cha ukocha hatatoka tena na watoto, na klabu itafungwa. Mke wangu akajiandikisha kozi ya siku nne. Siku ya kwanza alirudi mchangamfu. Alinisimamisha katikati ya sebule, magoti nimeyakunja, makalio nyuma, viwiko vimelegea, akanisahihisha mpaka binti yetu akapaliwa na chai kwa kucheka. Siku ya tatu alirudi kimya. Kesho yake, alisema, kila mmoja alete mtu asiyewahi kushuka mlima, amfundishe, kisha amtangulie mteremkoni. Na mteremko wenyewe ulikuwa ule ule wa mawe.

"Utakuja wewe," akaniambia. "Nani mwingine nitamchukua?"

Niliogopa, nasema wazi. Mawe nayo niliyaogopa, lakini zaidi niliogopa kumwona akikwama mbele ya makocha wenzake, vijana wa miguu kama nyaya, na watoto kupoteza klabu yao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu wangu alikuwa ameyaficha miaka mitatu.

Mkufunzi alikuwa mama mmoja mkavu, asiyecheka ovyo, na daftari mkononi. Kwenye tambarare mke wangu alinifundisha vizuri mno. Hata mimi nilianza kujiona mtu. Kisha tukafika juu. Alitazama chini, na kidole chake kikaganda kwenye breki mpaka ukucha ukawa mweupe. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, najua shingo yake ikikakamaa inasema nini. Nikawaza kwamba hapa mmoja wetu lazima aaibike, na heri niwe mimi.

"Siwezi," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Naomba nishuke kwa miguu."

Mkufunzi akamkazia macho mke wangu aone atafanya nini. Hakunilazimisha. Alishuka kwenye baiskeli, akaniambia kukataa si kosa, tukakokota pamoja huku akinionyesha kila jiwe na njia ya kulipita. Tulipofika chini, mkufunzi akaandika kwa muda mrefu. Mwishowe alisema wengi hufeli hapo kwa kumsukuma mtu mwenye hofu. Akampa mkono, akampa na cheti.

Mimi meno yote nje. Nilingoja walau jicho la shukrani, sikulipata. Alikisoma cheti kuanzia juu mpaka chini, akanikabidhi.

"Nishikie."

Akageuza baiskeli, akaanza kuikokota kurudi juu. Mkufunzi alimwambia mtihani umekwisha. Akajibu bila kugeuka kwamba Jumamosi watoto watakuwa hapa.

Sijawahi kungoja namna ile, hata hospitali siku binti yetu anazaliwa. Vichaka vilinizuia kuona kilele. Nilisikia jiwe likiporomoka, halafu kimya, na kile kimya nusura kiniue. Niliomba kila dua niliyoijua na nyingine nikaitunga hapo hapo. Kisha nikasikia matairi, kisha nikamwona, mdomo kaukaza, viwiko vimelegea. Akanipita bila kunitazama, akaenda kusimama mbali.

Nilimkimbilia. Kamba ya helmeti ilimshinda, nikamfungulia.

Akaniuliza kama kweli nilishindwa kushuka. Nilitaka kumdanganya, nikakosa uso. Nikakiri kwamba ningeweza, angalau hadi jiwe la tatu.

"Miaka mitatu nimejificha mwenyewe," akasema. "Usinisaidie kujificha."