Ufa Niliouficha kwa Rangi

Watu wengi huenda kupaka vyungu rangi ili watulie. Mimi nilienda kwa sababu binti yangu alikubali kuniona mahali hapo tu, Jumamosi saa nne asubuhi, mbele za watu, na dada yangu mkubwa akiwa ameketi kati yetu kama refa.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililotufikisha pale. Nina duka la vifaa vya ujenzi Kitengela: saruji, mabati, misumari, mipira ya maji. Mdomo wangu ni mkali na mkono wangu ni mwepesi. Niliwahi kumfukuza dereva wa lori la kokoto kwa mpini wa jembe hadi akaliacha lori lake barabarani likinguruma. Wateja walicheka, nami nikafurahi kusifiwa hivyo. Nyumbani hakukuwa na wa kucheka. Mama yangu kule Murang'a alinilea kwa mwiko na kwa thabai, yale majani ya kuwasha, na kila aliponichapa alisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliamini. Nilipojaliwa mtoto, mmoja tu, nilimpiga kwa imani ileile.

Siku ile alikuwa na miaka kumi na saba. Nilimfokea dukani, naye akanijibu mbele ya mteja, "Mum, usiniongeleshe kama mbwa." Nilichomoa kipande cha mpira wa maji rafuni nikampiga mgongoni, mikononi, popote. Kipande hicho kilikuwa na kiungo cha chuma mwishoni. Kilimpasua juu ya jicho la kushoto. Damu iliruka hadi kwenye mifuko ya saruji, na mimi, Mungu anisamehe, nilimpiga mara mbili zaidi baada ya kuiona.

Jumapili iliyofuata nilimketisha kitandani nikampaka poda juu ya kidonda, nikairudia na kuirudia hadi pakafanana na ngozi. Tukaenda kanisani, watu wakatusalimia vizuri. Wakati wa sadaka aliomba kwenda msalani na hakurudi. Jioni dada yangu alinipigia simu kutoka Nkoroi.

"Mtoto ako kwangu," alisema. "Na ukikuja huku na hiyo mkono yako, utanipata kwa gate."

Nilimtukana, kisha nikaomba, kisha nikalia. Baada ya miezi miwili tukapatana kuhusu hizo Jumamosi. Kila Ijumaa dada yangu alikuwa akinipigia kuniambia kama mtoto atakuja au la. Nilichotaka mimi ni kimoja: arudi nyumbani.

Mwenye studio hiyo ya vyungu ni mama wa Kimaasai, amenizidi umri kidogo, na studio yake iko nje ya mji, ng'ambo ya mahali ng'ombe wananyweshwa. Binti yangu alikuwa akifika anamwinamia kichwa, kama wanavyofanya watoto waliokua na majirani Wamaasai, na yule mama anamwekea kiganja utosini. "Sopa," anamsalimu kwa Kimaasai. "Ipa," anajibiwa. Nilimwonea wivu. Siku ya pili niliinua mkono kuchukua brashi kwenye rafu iliyokuwa juu ya binti yangu, naye akajikunja na kuficha kichwa kwa mikono yote miwili. Watu wote wakageuka. Brashi ilinianguka, na sikuthubutu kuinama kuiokota.

Pale unafinyanga chombo chako, unakipaka rangi kingali kibichi, kinakauka, kisha kinachomwa kwenye tanuri la gesi. Kazi niliyoiweza tangu siku ya kwanza ilikuwa kuubamiza udongo mezani ili hewa itoke. Niliubamiza hadi makopo ya rangi yakacheza.

"Huo udongo umekukosea nini?" mwenye studio aliniuliza.

Hata binti yangu alikaribia kucheka. Upande wa brashi nilikuwa bure kabisa. Yeye alipaka kama mtu anayeandika barua. Alikuwa na bakuli moja pana alilolishughulikia kwa wiki sita, akilizungushia mistari myekundu na myeusi, myembamba sana, na nilijua bila kuambiwa kwamba bakuli hilo lilimshikilia mahali ambapo mimi sikuweza kumshika.

Sheria ya pale ilikuwa moja tu. Kabla ya chombo kuingia tanurini, unakiweka shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji, na maji hayo yakipata moto yatakipasua, na vipande vyake vitapasua vyote vilivyo jirani.

Jumamosi ya tanuri kujazwa nilikuwa nimeshika kikombe changu, kimekauka vizuri, na nikaona nimuulize binti yangu.

"Utarudi lini nyumbani?"

"Sijui," alisema, macho kwenye brashi.

"Hujui? Mimi ni mama yako!"

"Ndio maana sijui."

Dada yangu alikohoa. Sikumgusa mtoto. Lakini vidole vyangu vilibana, na kikombe kikapasuka kitakoni, ufa mrefu kama kucha. Aibu ikanijaa. Sikutaka yeye aone kwamba hata kikombe kimenishinda kukilea. Nilichota udongo mbichi nikauziba ufa, nikasawazisha kwa kidole, nikapaka juu rangi ya buluu, safu juu ya safu, hadi pasionekane kitu.

"Umeweka kwa shavu?" mwenye studio aliuliza akipanga vyombo tanurini.

"Nimeweka," nikasema. Akakipokea na kukiweka kando ya bakuli la binti yangu.

Mlipuko ulikuja karibu saa saba mchana. Nilidhani ni bunduki. Watu walijitupa chini ya meza, na mimi nikamrukia binti yangu nimfunike, naye akanipiga teke la kifua akidhani namshambulia. Mlipuko wa pili ukaja, kisha sauti ya vigae vikigonga kuta za tanuri kwa ndani. Mwenye studio alikimbia kufunga gesi. Tukangoja lipoe hadi saa kumi, kifua kikiniuma, hakuna aliyekula.

Alipofungua mlango, vigae vilimwagika miguuni mwake. Kazi za watu wanane. Bakuli la binti yangu lilikuwa vipande vitatu, na kipande cha buluu kilikuwa kimeingia katikati yake kama shoka.

Mwenye studio alikuwa amekasirika hadi midomo ikawa myeupe. Alichukua kipande cha bakuli akakipima kwa vidole. "Hii ni nene, inakaa na maji. Msichana wangu, ulikuwa unapaka hii mpaka leo asubuhi?"

Na binti yangu, ambaye hakuwa na kosa lolote duniani, akaanza kuomba msamaha. "Pole. Pole sana, labda ni mimi. Pole." Aliyasema haraka haraka, mabega yamepanda, mikono ikielekea kichwani yenyewe. Mtu aliyezoea kupatikana na hatia husema hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Sitadanganya hapa: nilimwacha aombe msamaha kwa muda ambao mtu angehesabu hadi kumi, na katika muda huo nilifikiri kwamba kama lawama itakaa kwake, labda atapachukia mahali hapa arudi nyumbani. Nilijichukia papo hapo, na bado nikafikiri hivyo.

"Ni mimi," nikasema hatimaye. "Kilikuwa na ufa. Nikaziba na udongo mbichi, nikapaka rangi juu."

Dada yangu alisema polepole, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Binti yangu alinitazama. Kisha akaokota kipande kikubwa cha kikombe changu na kukirusha kwa nguvu zake zote. Kilipita karibu na sikio langu kikavunjikia ukutani. Akakiokota kingine. "Ulipaka juu!" alipiga kelele. "Tena ulipaka juu! Kama ile siku!" Akarusha. Akarusha tena, na kigae kimoja kikanikata shingoni. Hasira yangu ikapanda, ile ya siku zote, na nikauhisi mkono wangu wa kulia ukinyanyuka. Nikaketi, nikauweka chini ya paja nikaukalia. Niliukalia mpaka vidole vikafa ganzi, naye akarusha mpaka vigae vikaisha.

Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Mimi nilikuja. Nilifagia, nikaosha brashi za watu, nikatukanwa na wenye vyombo vilivyovunjika, nikakubali. Nilifinyanga kikombe kingine.

Mwezi ulipokwisha alitokea, dada yangu nyuma yake. Ilikuwa siku ya tanuri. Alimwinamia mwenye studio, akaguswa utosini, akaja mezani kwangu bila salamu, akachukua kikombe changu. Halafu mkono wake ukaja kwa kasi kuelekea usoni pangu. Nilifumba macho nikakaza meno. Kofi hilo nilikuwa nimelingojea, na sikuwa na neno la kulipinga.

Kilichonigusa kilikuwa kikombe. Alikibana shavuni mwangu kwa nguvu.

"Imekauka ama bado?"

Kovu juu ya jicho lake lilikuwa wazi, halikupakwa kitu. Kwa macho, kikombe kilikuwa kimekauka. Tanuri lilibakiwa na nafasi moja, na nilitamani sana hii iwe siku yake, niende nacho nyumbani, twende wote watatu, mimi, yeye na kikombe.

"Bado," nikasema. "Ni baridi."

Alinitazama bila kupepesa. Kisha akakirudisha kwenye rafu ya vitu vinavyongoja, akakigeuza ili upande uliokuwa baridi uangalie dirisha.

"Tutaangalia tena Saturday," akasema.

Ijumaa hiyo dada yangu hakunipigia simu; mtoto alikuwa ameshaniambia mwenyewe.