Tulivyomvalisha Msanii

Miaka ile kahawa ilipoachiwa wanunuzi binafsi, mmoja wao alijenga ghala Mbinga mjini, akataka ukuta wa mbele uchorwe picha: mashamba ya kahawa upande mmoja, ziwa upande wa pili. Mimi nilikuwa binti wa kijiji cha Kitura, na niliutaka ukuta ule kuliko nilivyotaka mume. Tukaambiwa mchoraji atachaguliwa kwenye semina ya sanaa, ukumbi wa parokia. Nchi ilikuwa imefika mahali ambapo hata kuchimba choo kulitaka semina.

Mwezeshaji alitoka Dar es Salaam. Alikuwa na bereti, skafu, na ndevu alizozichezea kila alipokosa la kusema, kwa hiyo alizichezea sana. Akatugawia watu waliokatwa kwa karatasi ya manila, uchi kama walivyozaliwa, pamoja na mikasi na karatasi za rangi.

"Mvalisheni msanii," akasema. "Kama mnavyomwona akilini."

Watu wazima tukainama kukata nguo za wanasesere. Nilichungulia meza za wenzangu nikaona aibu kwa niaba yao. Bereti. Ndevu. Rasta. Suruali iliyochanika goti. Mmoja alimtia wake sigara mdomoni, akaiwekea na moshi wa pamba. Hakuna kati yao aliyewahi kuonana na kiumbe wa namna hiyo, mpaka asubuhi ile alipoingia mwezeshaji.

Wangu nilimfunga kanga kifuani, nikampaka udongo mwekundu hadi viwikoni. Alikuwa mama yangu. Nyumbani kwetu wanawake ndio waliosiriba kuta kabla ya Krismasi, na mama akishachora ukuta kwa vidole, udongo mwekundu juu ya mweupe, watu waliotoka misa walipitia kwetu makusudi waangalie.

"Dada, nimesema msanii," mwezeshaji akaniambia, akimwinua juu mtu wangu wa karatasi wote wamwone. "Huyu si anatoka jikoni?"

Wakacheka. Kisha, bila haya, akatuhubiria mpaka saa ya chai kwamba msanii hana sura wala vazi, na kwamba zoezi lilikuwa la kutufumbua macho. Wakapiga makofi. Siku ya kufunga akamchagua bwana mmoja wa Chiwanda, kule ziwani, mwenye ndevu na koti refu la mitumba, ambaye semina nzima hakumaliza picha hata moja. Alisema anasubiri hisia.

Hisia zilipokuja, alichora samaki. Mtu amezaliwa ufukweni, amekula samaki aina ya mbasa tangu aote meno, akachora kandambili yenye jicho. Wakulima wake aliwainamisha wakachuma kahawa ardhini, kama wanaong'oa karanga. Mwenye ghala alisema ni sanaa ya kisasa.

Siku ya uzinduzi nilimpeleka mama auone upuuzi ule, nikijua atacheka nami. Nilihitaji mtu mmoja tu wa kucheka nami. Yule bwana alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono mfukoni, akipigwa picha. Mama alimtazama yeye kwa muda mrefu. Ukuta aliupitishia macho tu.

"Ndiyo msanii huyo, mwanangu," akaniambia kwa upole. "Sisi tunapaka nyumba tu."

Wote wale nilikuwa nimewadharau bila kuchoka. Sasa mama naye alikuwa upande wao, na yeye sikuweza kumdharau.