Leseni ya Klaudia, Mkata Kucha wa Muleba

Klaudia Kokushubila alikuwa mtu pekee katika Muleba nzima mwenye leseni ya kukata kucha, na kwa sababu hiyo akawa mtu pekee aliyeadhibiwa. Wanaomjua wanaona ajabu nikilieleza jambo hili kwa hasira mpaka leo. Mimi naona ajabu kwamba wao wanalieleza kwa kucheka.

Alizaliwa Buhembe, katika familia ya Kilutheri ya wakulima wa kahawa na migomba, akasoma hadi darasa la nane. Akiwa msichana alimfuata dada yake Kampala, akapata kazi kwa mama mmoja wa Kigoa aliyekuwa na duka la kutengeneza nywele na mikono ya wanawake. Mama yule alikuwa mkali. Mkasi uliogusa mkono wa mtu mmoja haukugusa mkono wa mwingine kabla ya kuchemshwa. Kila mteja alikuwa na kitambaa chake. Na kidole chenye uvimbe hakikukatwa ukucha, hata kama mwenye kidole ni mke wa waziri. Klaudia aliniambia kwamba siku yake ya kwanza alizabwa kofi kwa kupangusa mkasi kwenye aproni yake.

Mambo ya Kampala yalipoharibika alirudi nyumbani. Muleba ilikuwa inaanza kukua kama makao ya wilaya: ofisi zinajengwa, mabasi ya Biharamulo yanasimama, watumishi wanahamia na wake zao. Akapanga chumba kando ya barabara, akaweka beseni, jiko la mkaa na sufuria.

Watu walimcheka. "Kwani nyembe zimekwisha dukani?" waliuliza. Lakini wanawake walikwenda. Mwanamke wa huku anamenya ndizi kila siku ya maisha yake, na utomvu unaingia chini ya kucha mpaka zinakuwa nyeusi, hata sabuni haifui dafu. Anachuma kahawa, analima kwa jembe, anachomwa na miiba. Klaudia alizilainisha kucha zile kwa maji ya moto na limau, akazikata vizuri, akatoa ukucha ulioingia kwenye nyama. Rangi alikuwa nayo chupa moja tu, na aliificha, kwa sababu vijana wa chama walikuwa wakipita wakikagua sketi, nywele na kila kilichong'aa.

Leseni aliifuata mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza. Wakati ule Bwana Afya wetu alikuwa Ndugu Mwijage, mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliyependa kuhutubia mikutano.

"Leseni ya nini, mama?" alimwuliza.

"Ya kukata kucha, ndugu."

"Kucha za nani?"

"Za yeyote anayekuja."

"Mimi zangu nazikata kwa meno."

Ofisi nzima ikacheka. Klaudia akasubiri wamalize.

"Ndiyo maana nataka leseni, ndugu. Nataka uje uone ninavyofanya kazi. Nikikosea uniambie. Na akija mwingine kufanya kazi hii, umpe masharti yale yale."

Mwijage hakuwa na masharti ya kucha. Alikuwa na masharti ya vinyozi tu, basi akampa leseni ya kinyozi. Alipofika kukagua alimwambia anunue kioo kikubwa na avae koti jeupe, kama sheria ya vinyozi inavyosema. Klaudia akanunua kioo. Ukucha hauhitaji kioo, lakini alikinunua. Sufuria iliyokuwa ikichemka na mikasi ndani yake Mwijage hakuitazama. Alidhani ni chai, akauliza kama kuna sukari.

Mwingine alikuja kweli. Alistidia aliuza ndizi mbivu sokoni, na alipoona wanawake wanaingia kwa Klaudia, naye akaanza kukata kucha pale pale kwenye mkeka wake, kwa wembe mmoja aliouweka kwenye upindo wa kanga. Alikata haraka na alichekesha watu. Klaudia alimwendea Mwijage akamwambia, "Ndugu, kuna mtu anafanya kazi hii sokoni kwa wembe usiochemshwa. Mwambie aje nimfundishe, au umkataze." Mwijage akamjibu kwamba hizi si siku za kuoneana wivu, taifa linajenga ujamaa, na sokoni kila mwananchi anajitafutia. Nasikia hata meza ilipigwa.

Basi, likaja jambo la Anatolia.

Anatolia alikuwa binti wa jirani zetu, ameposwa na kijana wa mzee Kagaruki. Kwetu msichana aliyepangiwa siku ya arusi hatoki nje. Anakaa ndani, anakula vizuri, anapakwa samli mpaka ngozi inang'aa, na mwenye mamlaka juu yake ni shangazi yake upande wa baba. Yanayofanyika katika chumba cha bibi arusi hayatoki nje ya chumba. Hata mama mzazi haulizi. Shangazi yake Anatolia alikuwa Joviana, mwanamke mwenye kiburi na mwenye haraka.

Joviana alimwita Klaudia aje nyumbani kumkata kucha bibi arusi na kumsafisha mikono. Majirani tulimwona akiingia na kikapu chake. Hatukuona alivyotoka, maana alitoka kwa mlango wa nyuma, na alitoka upesi. Kidole cha kati cha mkono wa kulia wa Anatolia kilikuwa kimeanza kuvimba pembeni mwa ukucha.

"Hiki sikigusi," alisema Klaudia. "Mpelekeni zahanati leo. Kikipoa nitakuja."

"Bibi arusi akapange foleni na wenye kikohozi?" Joviana alimwuliza. "Wewe una akili?"

"Basi mwite mganga wa zahanati aje hapa."

"Mwanamume aingie humu ndani? Waitu, huko Kampala ulifundishwa nini? Kata ukucha, uende zako."

"Sikati."

"Umeanza maringo ya mzungu. Haya, toka."

Joviana akamwita Alistidia. Alistidia akaja na wembe wake, akakata, akaitumbua na ile sehemu iliyovimba, akapaka samli juu. Arusi ikafungwa kanisani, Anatolia akiwa amevaa glovu nyeupe, na watu wakasifu glovu. Alipofika kwa wakwe mkono mzima ulikuwa umewaka. Akapelekwa hospitali akiwa na homa, na daktari akakikata kidole.

Mzee Kagaruki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepokea mkazamwana mzima na baada ya siku chache anaye wa vidole tisa, akataka kujua nani kafanya hivyo. Alimwuliza Joviana. Kama Joviana angesema kweli, ingejulikana kwamba alionywa na akamtoa bibi arusi mgonjwa huku akificha ugonjwa, na kwetu shangazi aliyefanya hivyo haitwi tena kwenye arusi yoyote. Akasema, "Ni Klaudia. Kila mtu alimwona akiingia."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu alimwona akiingia.

Kagaruki akashitaki kwa Mwijage, naye Mwijage akakifunga chumba cha Klaudia, akapeleka taarifa Bukoba, kisha akapanga kusikiliza shauri nyumbani kwa Kagaruki, kwa kuwa bibi arusi bado alikuwa anakaa ndani na hakuweza kuitwa ofisini. Tulijaa uani. Mwijage alikaa kwenye kiti, Kagaruki kando yake, Joviana kwenye mkeka. Klaudia alisimama. Alikuwa amevaa lile koti jeupe.

"Leseni ya kukata kucha ni yako au si yako?" Mwijage akaanza.

"Ni yangu."

"Uliingia kwa bibi arusi au hukuingia?"

"Niliingia. Sikukata. Niliona kidole kimevimba nikakataa."

"Nani alikuona ukikataa?"

"Joviana huyu hapa. Na Anatolia mwenyewe."

Joviana akatazama juu ya paa kama mtu anayesikiliza mvua.

"Mwulizeni Anatolia," Klaudia akasema. "Yuko nyuma ya ukuta huu. Kidole ni chake."

Minong'ono ikapita. Kagaruki akainua mkono. "Mwanangu," alisema kwa upole, "mkazamwana hatoi sauti mbele ya baba mkwe. Sijaisikia sauti yake, na siitaki kwa njia hii. Usituvunjie nyumba."

"Nyumba inavunjika kwa neno moja, na mimi navunjika kwa kunyamaza kwake. Mimi sina baba mkwe wa kunitetea, mzee. Nina kazi hii tu."

"Basi umejibiwa," Mwijage akasema. "Shahidi huna."

Hapo sauti ikatoka ndani. Ilikuwa ndogo, lakini uani kulikuwa kimya na hakuna asiyesikia.

"Klaudia alikataa. Aliyekata ni Alistidia wa sokoni. Shangazi ndiye aliyemwita."

Mke wa Kagaruki akapiga kelele kana kwamba nyoka ameingia. Kagaruki aliinamisha kichwa na hakukiinua tena mpaka tulipoondoka. Joviana alisimama, akajifunga kanga upya, akapita katikati yetu akaenda zake bila kuaga. Binti yule alikuwa amefanya kitu ambacho mabinti wa huku hawafanyi, na alikifanya kwa ajili ya mtu aliyekataa kumkata kucha. Nilidhani, na wote tulidhani, shauri limekwisha.

Alistidia aliletwa kutoka sokoni. Hakukana. "Nilikata," alisema. "Niliitwa, nikakata. Mimi ni muuza ndizi, kama mnataka ndizi njooni."

"Una leseni ya kukata kucha?" Mwijage akamwuliza.

"Leseni? Ya kukata kucha? Mimi?" Watu wakacheka, na yeye akacheka.

"Huna."

"Sina, ndugu yangu, na sijawahi kuwa nayo."

Mwijage aliinuka kitini. Kisha akasema, kwa sauti yake nzuri, kwamba Alistidia ameonywa. Hana kitu cha kunyang'anywa, kwa hiyo aende. Lakini kwa kuwa kazi ya kucha imeleta madhara makubwa katika wilaya, na kwa kuwa taarifa imekwisha kupelekwa Bukoba kwamba chumba cha kucha kimefungwa, chumba kitabaki kimefungwa hadi taratibu za kazi hiyo zitakapotolewa.

"Lakini si mimi niliyemkata," Klaudia akasema.

"Hakuna aliyesema ni wewe."

"Sasa unanifungia nini?"

"Nafunga kazi, mama. Kazi ya kucha."

"Kazi ya kucha iko sokoni! Inaendelea hivi sasa! Mkeka wake umeachwa kule, watu wanamsubiri!"

"Ile si kazi yenye leseni. Siwezi kufunga kitu ambacho hakiko kwenye orodha."

Nimeandika maneno yake kama yalivyotoka kinywani mwake, maana mtu akiyasimulia kwa maneno yake mwenyewe hayaaminiki.

Klaudia alikwenda Bukoba kwa basi, akaenda tena, na tena. Ofisini walimpokea kwa heshima. Walimwambia taratibu za kucha hazipo nchini, na pengine zitaandaliwa. Aliwauliza kama anaweza kuziandaa yeye wazisome. Karani mmoja akamwambia sheria haiandikwi na mtu wa kucha. Mwingine, aliyekuwa na huruma, alimshauri pembeni: "Da Klaudia, fanya kama wengine. Kata kimya kimya. Nani atakuuliza?"

Aliuza kioo, akarudi Buhembe kwa kaka yake Rwegasira, akashika jembe. Chumba cha Muleba kikawa duka la mafuta ya taa. Wanawake walimfuata Buhembe kwa mguu, wakija na mayai, na kuku, na vidole. Wote aliwarudisha. Wengine walimwita mwenye roho mbaya.

Wa mwisho niliyemwona mimi, siku niliyokwenda kumsalimu Klaudia, alikuwa mke wa Mwijage. Alikuja kabla ya Krismasi, kidole gumba cha mguu kimeingiliwa na ukucha, anachechemea.

"Da Klaudia, nisaidie. Siwezi kuvaa kiatu."

"Nikikukata ukaumia, utamshitaki nani?"

"Mimi nikushitaki wewe? Hata mume wangu hajui nimekuja."

"Basi kamwambie. Aandike kwamba ninakata, atie sahihi, nitakukata leo hii. Jiko ninalo."

"Unajua hawezi kuandika hivyo."

"Najua."

"Sasa nifanye nini, jamani, na mguu huu?"

Klaudia alimtazama mguu kwa muda mrefu. Naona alitaka sana kuushika. Kisha akamwita Rwegasira amsindikize mgeni mpaka barabarani, taratibu, kwa sababu ya kile kidole.

Siku ya soko iliyofuata mke wa Bwana Afya alikaa kwenye mkeka wa Alistidia, mguu umenyooshwa, na Alistidia akautoa wembe kwenye upindo wa kanga.