Disketi ya Kuwekea Kikombe
Hebu niwaulize: ni nani aliyeamua kwamba driver, ile programu ya kuiwezesha kompyuta kusoma CD, iwekwe ndani ya CD? Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta shuleni kwetu hapa Nakuru, na programu yetu ya matokeo inakubali Windows 98 pekee. Kompyuta mpya ilipoletwa, hiyo Windows ikakataa katakata kuiona CD drive. Siku tatu nilihangaika, ripoti za wanafunzi zikingoja. Nikazoa kila kitu mezani, nikakitupa ndani ya katoni, nikamchukua mwalimu mkuu awe shahidi, tukaenda kwa Harjit aliyetuuzia.

“Umetuuzia takataka!” nikafoka mbele ya wateja.

“Pole, mwalimu. Driver hiyo pia iko kwa disketi. Mlipewa.”

“Disketi gani? Hakuna disketi tulipewa! Nyinyi wenye maduka mnatuona wajinga!”

Harjit akainamia katoni yangu, akapekua, akatoa disketi nyeusi yenye duara la chai katikati.

Mwalimu mkuu akaiangalia, akaniangalia.

“Mwalimu, si hii ndiyo umekuwa ukiwekea kikombe tangu Jumatatu?”