Kuonja Kahawa na Japani

Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mzee mmoja wa Kichaga aliacha kazi yake ya ushirika, akakodi vyumba viwili vya ofisi mtaa wa Themi, mjini, na kuniajiri kuwa katibu muhtasi wake. Yeye alinunua kahawa ya miteremko ya Meru, akaionja na kutafuta wateja nje ya nchi. Mimi nilishika simu, mashine ya faksi na birika la umeme.

Msicheke birika. Mteja wetu mkubwa wa kwanza alikuwa kampuni ya Japani, na mwonjaji wao, mwanamke aliyesikika kuwa wa rika langu, alitaka tuonje pamoja: yeye na vikombe vyake kule, mzee na vyake huku, sampuli ileile, huku wakizungumza kwa simu. Kahawa ya kuonja haina subira. Ukishaimwagia maji ya moto, dakika chache tu imepoa na kugeuka ladha. Kwa hiyo ilibidi tukubaliane saa.

Faksi yake ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza: Jumatano, na saa iliyoandikwa kwa tarakimu moja tu, 4. Haikusema ni nne ya nani. Mzee akavaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Nne ya Kizungu ni saa kumi yetu," alisema. "Jioni hiyo. Andaa vikombe baada ya chakula cha mchana."

"Sawa, mzee." Hata mimi chuoni nilifundishwa hivyo hivyo.

Jumatano ile umeme ulikatika tangu alfajiri, maana ilikuwa zamu yetu ya mgao. Hatukujali, kwa kuwa jioni ilikuwa bado mbali. Saa nne asubuhi, mzee ana chapati mkononi, simu ikalia.

"Kahawa yangu iko tayari," sauti ya kike ilisema kwa Kiingereza cha polepole kama changu. "Ya kwenu je?"

Nilitazama birika. Lilikuwa tupu. Nikaeleza kwamba maji ya moto hatuna, umeme hatuna, na tulidhani ni jioni. Nikawaza, basi, mteja ndiyo keshapotea.

"Nitasaga nyingine," alisema. "Nitapiga tena baadaye kidogo."

Nilikimbia kwa mama lishe wa jirani, aliyekuwa na jiko la mchina, lile la mafuta ya taa. Alikuwa ameinjika maharage. Nilipomweleza kuna mtu Japani anasubiri maji ya moto, hakuuliza hata swali moja. Aliipua sufuria akaiweka chini.

"Chukua jiko, mwanangu. Maharage hayana safari."

Simu ilipolia mara ya pili, vikombe vilikuwa vinafuka. Mzee alifyonza kijiko kwa kelele, na kwenye simu nikasikia kelele ileile kutoka upande wa pili. Mwonjaji alisema kahawa yetu inamkumbusha tunda fulani la kwao, chachu lakini lenye harufu nzuri.

"Ndimu tu hiyo," mzee alininong'oneza. "Mwambie nimekubali."

Kampuni yao ilinunua shehena yote.

Mchana ule tulikaa na karatasi tukitafuta kosa lilikuwa wapi. Japani wametutangulia saa sita. Sisi nasi, kwa kuhesabu toka macheo, tumepishana na saa ya Kizungu kwa saa sita zilezile. Kwa hiyo sisi tukisema saa nne asubuhi, mshale wa saa yake ukutani unaonyesha nne ya jioni. Mzee alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Kumbe tungeisoma tu kwa Kiswahili!"

Nilimweleza mwenzetu wa Japani mara ya pili tulipopanga kuonja. Akataka kujua kwa nini tunahesabu hivyo. Nikamwambia jua likichomoza ndipo siku inaanza, na saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Akasema bibi yake alimsimulia kwamba zamani kwao pia saa zilifuata macheo. Kuanzia hapo faksi zake zilikuja na maneno mawili ya Kiswahili katikati ya Kiingereza, "saa tatu" au "saa nne," na hatukukosea saa tena.

Baada ya misimu kadhaa alikuja mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na mwenye haya. Kwenye simu tulizoea kucheka. Ana kwa ana tulipeana mikono kama wageni. Tulipanga aende kwanza nyumbani kwetu Meruni kuona mibuni, kisha jioni tukutane na mzee ofisini.

Alimwamkia baba "shikamoo" kwa sauti ya chini, na baba akaitikia "marahaba" kwa fahari kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Mama akamwekea loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando. Alimaliza bakuli. Kisha, nikiwa bado namwonyesha mti aliopanda babu, nikageuka nikamwona amelala kwenye kiti.

"Mama, mzee anatungoja Themi."

"Angoje," mama alisema, akamfunika khanga. "Mtu kaja kutoka huko mbali. Nani atamwamsha kwa ajili ya kikao?"

Basi nikashuka hadi duka la barabarani kumpigia simu. Mzee hakukasirika. Alipanda gari akaja yeye, na vikombe vyake kwenye boksi. Tulionjea uani, jua likielekea kuzama, mgeni akiwa bado na alama ya kiti shavuni. Baba, aliyelima kahawa maisha yake yote lakini akinywa chai tu, alipewa kijiko naye. Akafyonza kama alivyowaona wao.

"Chungu," alisema. "Mama, lete sukari."

Mwenzetu akaniuliza baba amesema nini. Nilipomtafsiria, alicheka kile kicheko chake cha kwenye simu.