Somoe na Tovuti ya Bima

Somoe aliuza magazeti karibu na soko la Mtwara tangu miaka ya tisini, enzi ambazo gazeti la Jumatatu lilifika Jumatano, na mvua ikikata barabara halifiki kabisa. Yeye alisoma kwanza, kisha akakusimulia kwa mbwembwe mpaka unanunua ili uhakikishe kama kweli imeandikwa hivyo.

Mwaka 2008 gazeti moja lilisifia tovuti mpya ya kulinganisha kampuni za bima. "Sasa mwananchi hadanganywi tena," liliandika. Somoe akaitangaza habari hiyo kutwa nzima. Mwalimu Filipo, mtu wa Mbeya aliyekaa mtaa wa Shangani hapo Mtwara, ndiyo kwanza alikuwa amenunua gari aina ya Starlet. Akaenda intaneti, akaichagua kampuni iliyoshika namba moja, akakata bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe.

Haukupita muda, akimkwepa mbuzi kule Naliendele, akauparamia mkorosho. Kampuni ikamtaka apeleke gari Dar es Salaam likakaguliwe. Mtwara haikuwa na ofisi wala wakala.

"Bi Somoe, mimi nilisikia kwako," alisema, bampa ya gari ikiwa imefungwa kamba ya katani.

"Nami nilisoma gazetini, Mwalimu."

"Na gazeti lilisikia wapi?"

Swali lile lilimchoma kuliko lawama. Akafunika meza yake, akaenda kwa Muzamil mwenye duka la intaneti, akamwomba amfungulie tovuti hiyo. Wakateremka mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama sisimizi: kampuni hulipia ili ziorodheshwe, na inayolipa zaidi hukaa juu.

"Kumbe mnada!" Muzamil akacheka.

Somoe hakucheka. Akampigia simu mhariri.

"Mama, taarifa ile tuliletewa na wenye tovuti wenyewe," mhariri alijitetea.

"Mkaipokea hivyohivyo, bila kuuliza wanakula wapi?"

"Muda ulitubana."

"Gazeti mnaandika nyie, matusi nayala mimi huku. Rekebisheni."

Alimpigia tena na tena, hadi mhariri akaijua sauti yake kabla hajajitaja. Mwishowe masahihisho yakatoka: aya moja, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la sabuni. Somoe akakunja kila nakala ukurasa ule ukae nje, akazipanga mezani, akaanza kusimulia. Adhuhuri haikukuta hata moja.

Filipo alilinyoosha gari kwa fundi wa mtaa wa Rahaleo kwa fedha zake mwenyewe, huku akinung'unika. Bima iliyofuata aliikata kwa wakala wa palepale mjini.

"Kampuni yake haimo kabisa kwenye ile tovuti," alimwambia Somoe.

"Umemuuliza kwa nini?"

"Nimemuuliza. Kasema waliombwa walipie, wakakataa."

"Basi nawe umeanza kuuliza, Mwalimu," Somoe akasema, akamkabidhi gazeti la juzi.