Farasi Ambaye Mama Hakumla

Niliporudi Ihanda baada ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili, nilikuwa nimepewa mwezi mmoja wa kufanya masahihisho, na sikuwa na hakika kama akili yangu bado ilikuwa inafanya kazi. Mbele ya watahini nilikuwa nimejibu "nakubali" kwa kila kasoro waliyoitaja, ikiwemo ile iliyohusu sura ya nne, ambayo ndiyo iliyoubeba utafiti wote. Nilichunguza namna wakulima wa kata ya Ruanda wanavyochagua mbegu za mahindi. Baadhi yao walikuwa wamepanda mbegu ya dukani na mbegu ya kienyeji katika shamba moja, mistari ikichanganyika. Mtahini mmoja alisema kwamba hao walikosea tu, hivyo niwaondoe kwenye takwimu. Nikakubali. Nilipokuwa ndani ya basi, tumeshapita Makambako, ndipo nilipojiuliza alijuaje kwamba walikosea, na mimi nilijuaje hata nikamkubalia. Bila wakulima wale, sura ya nne haikuwa na la kusema.

Mama hakuniuliza chochote kuhusu utetezi. Yeye ni mwalimu mstaafu wa hisabati wa shule ya msingi, na sataranji aliijua tangu zamani, kutoka kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa na ubao. Alinifundisha nikiwa darasa la tano. Sasa, kila alasiri, tukishamaliza kugeuza kahawa kwenye vichanja, alitandaza ubao kibarazani na kuniita. Kete yenye kofia iliyochongoka, ambayo wengine huiita askofu, yeye huiita mchungaji, kwa sababu, alisema, sisi kanisani kwetu tuna wachungaji wa kutosha na hakuna haja ya kuazima cheo.

Nilianza kushinda. Si kila mara, lakini mara nyingi kuliko nilivyowahi kumshinda utotoni. Niliuchukua kila ushindi kama ushahidi kwamba kichwa changu hakijaharibika, na kwamba huenda ningeweza kurudi chuoni kuitetea sura ya nne badala ya kuifuta. Lakini ushahidi ambao haujapimwa si ushahidi, na mimi nimefunzwa kupima. Niliamua kutafuta programu ya kompyuta itakayochambua michezo yetu na kunieleza, bila upendeleo, kama kweli nilikuwa nacheza vizuri.

Nikaanza kuingiza michezo yetu kwenye simu, hatua kwa hatua, wakati tunacheza.

"Unanirekodi kama polisi," Mama alisema.

"Ni kwa ajili ya uchambuzi, Mama."

"Haya. Andika basi na kwamba mtuhumiwa alitoa ushirikiano."

Kwa kuwa mtandao wa nyumbani hupotea kila wingu linapopita, nilibeba kompyuta yangu nikaenda Tunduma kwa kaka yangu, mwenye duka la stesheneri jirani na maegesho ya malori, kupakua programu za kulinganisha. Nilikuwa nimejiwekea vigezo: ifanye kazi bila mtandao, itunze michezo yote mahali pamoja, itoe sababu na si hukumu tupu, na isinisifu. Kigezo hicho cha mwisho nilikifikiria sana njiani. Je, mtu anaweza kujua kwamba anasifiwa bure, ikiwa hana kipimo kingine nje ya sifa hizo?

Programu ya kwanza ilikuwa ya simu, yenye rangi nyingi. Ilipaka kijani kila hatua nzuri na nyekundu kila hatua mbaya, na ilipoona nimeshinda, ilimwaga maua kwenye kioo. Ilichambua mchezo mmoja kisha ikadai nilipie. Ya pili ilikuwa injini tupu, yaani kikokotoo cha hatua kisicho na mapambo. Ilinipa namba: juu ya sifuri upande mmoja una nafuu, chini ya sifuri upande wa pili. Haikusema kwa nini. Ya tatu haikuwa na akili yake yenyewe kabisa. Ilikuwa kama kabati la kutunzia michezo, ambalo unaweza kuliunganisha na injini yoyote, na pembeni ya kila hatua liliacha nafasi ya mchezaji kuandika maoni yake.

Nilikaa na hizo tatu tangu asubuhi hadi wateja wa mchana walipopungua. Kaka alikuwa akitoa kopi za nyaraka za mizigo na kunitazama kwa jicho la pembeni.

"Mdogo wangu, unachagua programu au unachagua mchumba?"

"Zina tofauti za msingi."

"Hata wachumba wana tofauti za msingi. Watu wanaoa."

Dereva mmoja wa Zambia, aliyekuwa akisubiri kopi zake, aliangalia kioo changu, akauliza kama hiyo ni kamari. Kaka alimjibu kwamba ingekuwa kamari ingekuwa afadhali, maana hiyo huisha.

Kwa hiyo nikaunganisha ya pili na ya tatu, injini ndani ya kabati, na kuingiza michezo yote niliyokuwa nimeirekodi na Mama. Kisha nikaanza kusoma namba.

Mwanzoni sikuona kitu. Mama alicheza kwa utulivu, namba zikipanda na kushuka kidogo kidogo kwa upande wake. Kisha, katikati ya mchezo wa kwanza, mimi nilisogeza askari na kumwacha farasi wangu bila ulinzi. Injini ilionyesha kwamba malkia wa Mama angemla bure. Mama hakumla. Alisogeza askari wake wa pembeni, hatua isiyokuwa na kazi yoyote. Namba ikarudi karibu na sifuri, na baadaye nikashinda.

Nikafungua mchezo wa pili. Nilikuwa nimeiacha ngome yangu wazi. Mama alisogeza askari wa pembeni. Mchezo wa tatu ulikuwa hivyo hivyo. Injini iliandika alama ya kosa kubwa mara mbili mfululizo, kwanza kwangu, kisha kwake, kana kwamba uzembe ulikuwa ukituambukiza kwa zamu.

Ningependa kusema kwamba niliumia, lakini ukweli ni kwamba kwanza nilishikwa na udadisi. Makosa ya mtu asiyejua hutawanyika. Haya yalikuwa na mahali pake. Niliona uwezekano wa aina tatu. Labda macho ya Mama yalikuwa yamepungua nguvu. Labda alikuwa akinionea huruma. Au labda hapakuwa na mpangilio wowote, ila mimi niliutafuta hadi nikauona. Nilijaribu kuipa injini muda mrefu zaidi wa kufikiri, kana kwamba ikitafakari sana ingenieleza nia ya mama yangu. Namba zilibadilika kidogo tu. Injini ilijua hatua bora kuliko binadamu yeyote, lakini kosa la bahati mbaya na kosa la makusudi yalikuwa na alama ile ile.

"Umepata?" kaka aliuliza alipokuwa anafunga duka.

"Nimepata ya kuuliza."

"Siku nzima?"

Kesho yake alasiri niliweka kompyuta kibarazani, nikamwonyesha Mama hatua ile ya kwanza. Alivaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Farasi alikuwa bure," nilisema. "Mbona hukumla?"

Alivua miwani na kuifuta kwa pindo la kitenge. "Umechukua wiki ngapi kuniuliza hilo?"

Nilimsogeza farasi kwenye kioo, nikamrudisha.

"Nikiwa kazini," alisema, "nilikuwa naandika jibu baya ubaoni, kusudi kabisa. Halafu nawageuzia mgongo, najifanya natafuta chaki. Nasubiri. Darasa lililo hai halimalizi dakika, mtu atakohoa, mtu atasema, Mwalimu, hapo. Darasa lililolala linanakili tu." Alinitazama. "Wewe darasani kwangu ulikuwa hata hukohoi, unasema moja kwa moja. Ulikuwa unanikera. Ukiwa mdogo, nisipomla farasi wako, ungesimama ukaniuliza kama naumwa. Safari hii umerudi, nakuachia farasi, unashukuru kimya kimya na kuendelea."

"Nilidhani nashinda."

"Ulikuwa unashinda. Ushindi wenyewe ndio uliokuwa mbovu."

Nikamwonyesha michezo mingine. Alikubali kwamba ngome aliiacha kusudi. Alikubali askari wa pembeni, mmoja baada ya mwingine. Tulipofika pale alipomwacha mchungaji wake mwenyewe akaliwa bure, nilikuwa tayari nimeshaandika pembeni, kwenye nafasi ya maoni, neno makusudi.

"Hapo futa," alisema. "Hapo nililala kweli. Nilikuwa nafikiria kahawa, mvua ilikuwa inakuja."

Nikafuta. Kwa injini, hatua zile zilikuwa za aina moja. Nilipoziangalia tena zote pamoja, pembeni zikiwa na maneno ya Mama, niliacha kufikiria sataranji, nikaanza kuwafikiria watu wa Ruanda na mistari yao ya mahindi iliyochanganyika. Nilikuwa na dodoso lililouliza wamepanda nini, wapi na lini. Halikuuliza popote kwa nini mbegu zimechanganywa. Mtahini alisema ni kosa. Mimi, moyoni, nilisema ni makusudi. Sote wawili tulikuwa tumesoma namba tu.

Nikampigia msimamizi wangu simu. Nilimwambia kwamba kabla sijawaondoa wakulima wale ningependa kurudi kuwauliza, na kwamba mbele ya watahini nilikubali jambo ambalo sikulijua.

"Hilo ungelisema siku ile."

"Ndiyo, Daktari."

"Nenda. Lakini uniletee majibu yote, hata yatakayoiangusha sura yako."

Nilifika Ruanda mapema asubuhi ya Jumatatu, nikaanza na mama mmoja ambaye shamba lake lilikuwa la kwanza katika takwimu zangu. Alikuwa akipukuchua mahindi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe yule wa maswali? Umekuja tena? Mahindi ni yale yale."

"Safari hii nina swali moja tu. Kwa nini ulichanganya mbegu mbili shamba moja?"

Aliacha kupukuchua. "Ya dukani iliniishia katikati ya shamba. Nikamalizia na ya kienyeji niliyokuwa nayo ndani."

"Hukukusudia?"

"Nikusudie nini, mwanangu? Iliisha."

Niliandika jibu lake kama alivyolisema, nikamshukuru, nikamwomba anielekeze kwa jirani yake, ambaye naye alikuwa amechanganya. Alininyooshea njia kwa gunzi alilokuwa nalo mkononi.

"Yule muulize vizuri," alisema. "Yule ana maneno yake kuhusu mbegu."